Rudi Ukipitia Kijitoni

Dada Verna,

Mama hajala tangu jana mchana, na zile santuri mpya za baba ziko kwenye pipa la kuchomea taka nyuma ya nyumba. Hakuna anayeumwa, na naomba wewe, shemeji Carl na watoto huko Ohio muwe wazima pia. Lakini nimekasirika, Dada, mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Ile kampuni ya Nashville imeshazitoa upya nyimbo za baba. Santuri mbili nzito ndani ya boksi, na picha yake juu ameshika gitaa, marehemu anacheka. Sauti wameisafisha mpaka unamsikia anavyovuta pumzi. Hapo sina neno. Neno ninalo na kijitabu cha ndani.

Bwana Whitlock aliyekiandika anasema ule wimbo wa "Rudi Ukipitia Kijitoni" baba aliutunga kwa ajili ya hawara yake, eti alikuwa akivuka kijito kumfuata. Mimi kusoma kwangu ni kwa kudonoa, nikarudia mara nne nikidhani nimekosea. Kijito chetu, Dada. Kile baba alichovuka maji yakiwa kiunoni, daraja limechukuliwa na mafuriko, amebeba jeneza la mdogo wako Lettie begani kama boksi la viatu. Mimi nilikuwa sijazaliwa bado, lakini wewe ulikuwepo ukingoni na mama.

Na maneno ni ya mama. Mwaka mzima baada ya mtoto kufa aliyaimba akiosha vyombo, baba akayatilia gitaa. Alipobatizwa akamwambia baba achukue wimbo, ila jina lake lisiandikwe popote, maana kanisani kwetu gitaa haliingii wala nyimbo za dunia haziimbwi. Sasa wamembana. Akinyamaza, ni mke aliyechezewa. Akisema, wenzake wa kanisani watamtenga.

Dukani kwa Hobart nilikwenda kutia mafuta, akaniuliza mbele ya watu eti vipi Dewey, una ndugu wangapi huko ng'ambo ya kijito. Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na kahawa. Ninaye mmoja, nilitaka kumjibu, twende nikakuonyeshe jiwe la kaburi lake. Nikalipa nikatoka. Unanijua. Jumapili kanisani Bi Eula akamshika mama mkono akamwambia wanaume wote mbwa tu, mwenzangu, vumilia, Mungu anaona. Mama akamshukuru. Akamshukuru, Dada.

Hasira yote hii, nusu yake najikasirikia mwenyewe. Whitlock alikuja wakati wa kuvuna maharage, mama yuko shambani, akakaa barazani na kinasa sauti chake. Akaniuliza kama ni kweli wanavyosema watu, kwamba wimbo ule una mwanamke nyuma yake. Jibu nilikuwa nalo. Lakini kile kijitaa chekundu cha kinasa sauti kilikuwa kinaniangalia, na yeye ananiangalia. Nikaitikia kwa kichwa ili aondoke. Akasema asante sana, kijana, akafunga begi lake.

Leo asubuhi nimemwambia mama. Nilidhani atanipiga. Akamaliza kukunja shuka, akauliza leo Whitlock anawapigia watu hizo santuri saa ngapi pale uwanja wa mahakama. Nikamwambia saa nane. Akasema basi vaa shati safi, uliitikia kwa kichwa, leo utasema kwa mdomo, na ukikwama nitauimba mwenyewe, kanisa nalo lifanye litakalo.

Msalimie shemeji, na watoto waambie walikuwa na mama mdogo anaitwa Lettie. Nakuacha hapa, Dada. Mama yuko ndani ya gari na kofia yake ya kanisani, mkoba mapajani, na honi ameshaipiga mara mbili.

Mdogo wako,
Dewey