Kitabuni Niliandika Wawili

Mpenzi Ngaire,

Ziwa bado ni la buluu ileile, na kasuku wa milimani wamenitafuna tena kamba za viatu. Ungecheka.

Jana Raewyn, mlinzi wa kibanda cha wapanda milima, alinijia mbio. "We mzee! Kwenye kitabu cha wageni umeandika mko wawili. Mwenzako yuko wapi? Nimeshatuma watu wakamtafute mtoni!"

Miaka thelathini nimeandika wawili, mkono umezoea. Ikabidi niseme mbele ya wageni wote kwamba hujapotea, uko Brisbane kwa dada yako tangu Machi.

"Pole, mzee wangu," akasema, akanipa kalamu nirekebishe. Nikasingizia kwamba wino umeisha.

Kesho nalala kibanda kingine, nacho kina kitabu chake mlangoni. Ngaire, niandike wangapi?

Wako bado,
Murray