Mwalimu Ephraimu, Aliyewafundisha Watoto Kuandika Yaliyo Kweli

Mwaka mzima umepita, Baba, tangu tulipokulaza mgombani hapa Poli, na nyumba bado haijazoea. Mama Elinipa anamimina chai vikombe viwili, anakumbuka, anarudisha kimoja kwenye chupa.

Ulikuwa mwalimu wa darasa la tano. Hadithi za sungura na fisi watoto wanazo tayari, ulisema, sasa waandike mambo yaliyopo: maelekezo, taarifa, wasifu. Kila moja na kazi yake, na ole wake anayezichanganya! Mtoto mmoja aliandika maelekezo ya kupanda mgomba: "Chimba shimo, weka mche, fukia." Ukalipeleka darasa zima shambani, ukaufukia mche wote mpaka ncha ya jani.

"Mwalimu, umeuua!"

"Mimi tena? Nimefuata mlivyoandika."

Jamani, ulikuwa na vituko. Na ulikuwa na huruma. Asiye na daftari ulimpa lako. Pia ulikunywa. Hilo nalo lilikuwa lako, hatulifichi.

Jumamosi ile ulikunywa gongo, pombe haramu aliyoipika na kuiuza mdogo wako, Yoeli. Ulipoamka ukauliza mbona hakujakucha, na jua lilikuwa limejaa chumbani. Jioni ukafariki.

Yoeli ndiye aliyeandaa wasifu wa kusomwa kaburini. Aliandika kwamba umekufa kwa presha, akampa binti yako Nancy asome. Nancy alipita darasani kwako. Ulimfundisha kwamba wasifu unaeleza mtu alivyoishi na alivyokufa, mambo ya kumpamba awaachie wengine. Akisema kweli anapoteza ukoo, akinyamaza gongo ile itaendelea kuuzwa. Alipofika kwenye presha akamwangalia Mama, na Mama akaitikia kwa kichwa.

"Baba hakufa kwa presha," akasema. "Amekufa kwa gongo ya Baba Mdogo."

"Mtoto huna adabu! Toka hapo!" Yoeli akafoka.

"Samahani, Baba Mdogo. Ndivyo ilivyokuwa."

Polisi wakapata habari, wakauvunja mtambo wake wa gongo. Tangu hapo njia yetu ya kwenda mtoni Yoeli na watu wake wameiziba kwa miiba, na Nancy akimpa Yoeli shikamoo, Yoeli anatema mate na kupita. Inatuuma sana, Baba, maana ulimpenda mdogo wako.

Wanaokukumbuka: mkeo Elinipa, na wanao Nancy na Godwin. Yoeli na nyumba yake wamekataa kuwekwa kwenye orodha hii. Bibi Nanyori, mama yenu, alisema jina lake yeye liwekwe, kisha akasema liondolewe. Jana akapiga simu, analia: "Niwekeni. Aliyekufa nimemzaa mimi, na aliyemuua nimemzaa mimi."

Tumemweka. Tutakukumbuka siku zote, Baba.