Plagi Uliyoikata, Baba

Baba,

Nianze na gari, maana najua ungeuliza habari zake kabla ya habari za watu. Ni zima. Betri nimeichaji, tairi la nyuma upande wa dereva bado linapungua upepo polepole, na lile shimo kwenye dashibodi halipo tena. Nimeweka redio.

Miaka yote hiyo tulikucheka. Fundi wa redio za magari, kibanda chako cha Kibuye hakikosi wateja, wakubwa wa Milimani wanakuletea magari yaliyotoka Japani yakiwa hayashiki stesheni za hapa, na gari lako mwenyewe lina shimo la kuwekea njugu. Mganga hajigangi, nilikuwa nakuambia, nawe unaendelea kutafuna. "Redio ya nini na mimi niko?" Na kweli ulikuwepo. Kutoka Katito mpaka Kisumu hukufunga mdomo.

Sasa ni miezi mitano tangu tukuzike. Mama amekonda. Anapika, anaenda kanisani, anapokea wageni, lakini gari lako alikataa kulipanda. Unajua kliniki yake ya presha iko Kisumu, kila mwezi, na mpelekaji ulikuwa wewe. Mwezi wa kwanza alisema amechoka. Wa pili akasema dawa bado zipo. Nilipofungua pakiti ilikuwa tupu. Matatu hawezi kupanda, miguu imevimba, hawezi kusukumana na watu stejini. Wa tatu nikamwashia gari mlangoni. Alisimama na kibeti chake mkononi, akalitazama, akaniambia, "Achieng, mimi siwezi panda hiyo gari. Iko kimya sana." Akarudi ndani. Niliogopa, Baba. Niliona nitawazika wazazi wawili mwaka mmoja.

Kwa hiyo Jumamosi moja nikaja nyumbani kutoka Maseno ninakokaa, redio ya mtumba kwenye mfuko, nikafungua sanduku lako la plagi. Nilijua la kufanya, au nilidhani najua. Likizo ngapi nimekaa kwenye benchi lako nikikushikia waya wa risasi ya kuyeyusha wewe ukiunga? Plagi ya redio ngeni haiingii kwenye ya gari, basi unatengeneza kipande cha katikati, upande mmoja wa redio na mwingine wa gari, nyaya zimeungwa moja moja. Wateja waliiita adapta ya kienyeji, nawe ulikuwa unanuna. Mafundi wenzako walikata plagi ya gari, wakasokota nyaya na kuzifunga tepu, wakamaliza kabla chai haijapoa. Wewe hukutaka hata kuwatazama. "Usikate. Gari itaishi kushinda redio," ulikuwa unasema. "Yule atakuja nyuma yako atachomeka nini?"

Nikaingiza mkono kwenye shimo kutafuta plagi ya gari, nikavuta. Nyaya zikatoka bila plagi. Zimekatwa, Baba. Kwa koleo, mkato mmoja, na kila ncha imefungwa tepu nyeusi mara tatu, vile wewe tu ulivyokuwa ukifunga. Nilikaa kwenye kiti chako nikacheka peke yangu mpaka machozi yakaja, na yalipokuja hayakuwa tena ya kicheko. Mzee mzima, uliyenifinya sikio kwa sababu ya waya mmoja nilioukata.

Lakini nami nilifanya kosa ambalo lingenifinyisha sikio la pili. Niliamini rangi. Nikaunga rangi na rangi, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, nikazungusha ufunguo, fyuzi ikaungua. Ndipo nikakumbuka kwamba rangi za gari si rangi za redio, na kwamba ulisema waya huulizwa kwa balbu. Nikaanza upya. Balbu ndogo ikanionyesha waya wa betri, usiozimika, halafu ule unaoamka na ufunguo. Zikabaki za spika, jozi nne. Hizo ulikuwa unazigusa kwa betri ya tochi, spika ikatoa kimlio kidogo, tak, na mtu wa nyuma anakuambia ni mlango upi. Mtu huyo nilikuwa mimi. Sasa posho mill ya jirani inanguruma ikisaga mahindi, nami nimeinama chini ya dashibodi, sisikii kitu. Nikamwita Mama.

Alisimama nje kwanza. Nikamwambia haendi popote, asikilize tu. Nikagusa, hakusikia. Akainama dirishani, hakusikia. Basi akafungua mlango wa nyuma, akaketi, akabana sikio mlangoni kama mkunga. Nikagusa.

"Hapo," akasema. "Mlango yangu."

Nikagusa jozi nyingine. "Ile ingine. Rudia." Nilirudia mara nyingi kuliko kazi ilivyotaka, na sioni haya kukuambia.

Sandukuni nilipata plagi inayofanana na ile uliyoikata, nikairudishia gari. Halafu nikaunga adapta yangu, nyaya zote kwa risasi, kila kiungo na mpira wake. Hazijanyooka. Ungesema kitu, najua, lakini zinashika.

Jumanne tukaenda kliniki. Mama aliketi mbele. Redio ilimwimbia nyimbo za kanisa, halafu yakaja matangazo ya vifo, akawa anamjibu mtangazaji, "Huyu anameza majina ya watu." Nikajiona fundi. Karibu na Ahero, pale kwenye mashamba ya mpunga, akanyoosha mkono akapunguza sauti. Nikaona ni nafasi nzuri ya kukusengenya. Nikamwambia kwamba mwenye sheria ya kutokata ndiye aliyekata. Nilidhani atacheka.

"Ni mimi nilimwambia," akasema. "Redio ilikuwa ni mpira na siasa, mpira na siasa. Nyumbani ni watu, kazini ni wateja. Tulikuwa tumefika hapa hapa. Nikamwambia, Wuon Achieng, toa hiyo kitu nisikie wewe. Akasimama kando, akatoa koleo huko nyuma kwa buti ya gari, akakata. Hata hakuzima gari. Moto ikatoka kidogo."

Miaka yote tumekucheka mezani, mbele ya wageni, naye ameketi hapo, na hata siku moja hukututajia. Mama aliongea habari zako mpaka kwenye geti la hospitali. Daktari alimkaripia kwa miezi aliyokosa, naye Mama akainamisha kichwa, dawa amepewa, na leo asubuhi amezimeza nikimwona.

Pumzika, Baba yangu. Nakupenda, na nasikitika kwamba hili sikuwa nakuambia. Mwezi ujao nitampeleka tena, na mwezi wa baada ya huo. Redio imechomekwa tu. Siku Mama akisema itoke, nitaitoa kwa mkono, bila koleo, kisha mimi ndiye nitakayeongea mpaka Kisumu. Unajua mimi si msemaji. Nimeanza kujifunza.

Binti yako,
Achieng