Laptopu Nzito

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo nyumbani pamoja na shemeji. Mgongo unaendeleaje? Huku tu wazima, ila mimi sina raha kabisa. Ningekupigia simu, lakini jambo hili nikilitamka kwa mdomo nitaligeuza mzaha, unanijua.

Jumapili uliniambia unakwenda kumtoa mwanao chuoni, kwa kuwa muhula mzima hajawasilisha mchoro hata mmoja wa kompyuta, na uvivu wake umekuchosha. Nami nikaitikia, ndiyo dada. Tafadhali usiende kabla hujamaliza kusoma barua hii.

Siku ile mimi na binti yako tulipokwenda dukani kumchagulia laptopu, nilivimba kichwa. Redio za ukoo mzima zimepita mikononi mwangu, na jina la Injinia mmenipa wenyewe. Muuzaji akaniuliza nataka mfumo endeshi gani, ile programu kuu inayoendesha nyingine zote. Sikujua kama iko zaidi ya mmoja. Akasema Linux hupendwa na wanaoijua kazi yao. Nikasema basi ndiyo hiyo hiyo. Kisha nikazinyanyua laptopu moja moja, nikachagua nzito kuliko zote, maana kwetu mafundi redio nzito ndiyo redio. Nikamwonya binti asimruhusu mtu yeyote kuigusa.

Programu ya kuchorea majengo wanayotumia chuoni haifunguki kwenye mfumo ule. Aliniambia wiki ya kwanza tu. Nikamfokea kwamba hajatulia.

Juzi nilikwenda kumwona. Nilimkuta sakafuni chumbani kwake, anachora nyumba kwa penseli na rula, na laptopu ameikalisha juu ya karatasi isipeperushwe na feni. Aliponiona akaiondoa haraka, kama vile yeye ndiye mwenye kosa. Nikamuuliza kwa nini hakukwambia.

"Mama anakusifia kila mahali, mjomba," akasema. "Ningeanzia wapi?"

Fundi wa kompyuta wa pale chuoni akaniambia kubadilisha mfumo ni kazi ya nusu siku. Nusu siku, dada. Ameshaubadilisha, na mwalimu amekubali kupokea michoro yake mpaka mwisho wa mwezi.

Ningeweza kuishia hapo, ukanisamehe kwa kutojua. Lakini ile karatasi ya chuo uliyonipa kabla hatujaenda dukani, niliyokwambia nimeisoma yote, sikuisoma. Mstari wa kwanza tu ulinishinda, nikaona haya kumwomba binti anielezee, nikaikunja nikaitia mfukoni. Nimeiweka ndani ya bahasha hii. Mfumo unaotakiwa umeandikwa mstari wa tatu, kwa herufi nene.

Hasira zako zilete kwangu, nipo kibandani tangu asubuhi. Yeye mwache achore. Msalimie sana shemeji, na umwambie redio yake iko tayari.

Ni mimi mdogo wako,
fundi redio.