Kipande Chenye Tobo

Mwenzangu, acha unachofanya usome. Bosi wetu wa maabara katuaibisha mbele ya wageni.

Kaonyesha ukutani picha ya kipande cha uti wa mgongo wa panya. "Oneni, neva zimepoteza ganda, lakini dawa yangu imeziita seli walezi zije kulikarabati!"

Dawa ipi?! Kipande kina tobo kwenye kona! Sheria yake mwenyewe hiyo: panya asiyepewa dawa, kipande chake kinatobolewa. Zile seli zimekuja zenyewe, kama kawaida yao.

Mgeni mmoja akauliza, "Na hilo tobo?"

"Hapo ndipo dawa ilipoingilia."

Ilipoingilia!! Mtu mzima na suti yake, hana hata haya. Na watu wakapiga makofi.

Sasa hivi kanifuata mezani, ananong'ona: "Kuanzia leo, toboa vyote."