Picha ya Kaburi Imekataa Kupanda

Jumanne

Akinyi mjukuu wangu, andika vile nasema. Picha ya kaburi ya mzee wangu ndio ushahidi wetu ya shamba, juu alizikwa hapo, na kesho ndio mwisho korti inapokea.

Mwenye saiba, duka ya intaneti hapa Homa Bay, anasema proksi, hiyo mashine mtandao inapitia, inarudisha faili nzito. "Nyanya, nikate huku kando?"

Huku kando ni kaburi ya mke mwenza wangu. Tuligombana miaka yote, juu ya kuni, juu ya samaki ya omena.

"Wacha yeye hapo!"

"Basi nipunguze yote, itakuwa na ukungu."

"Punguza. Hata macho yangu inaona hivyo."

Ikapanda kwa mtandao, ikakaribia mwisho, stima ikapotea. Sijui kama ilifika. Lakini kama ilifika, tumefika wote watatu, mzee, mke mwenza na mimi.