Mtu Asichimbe Penye Jiwe

Nyasho, Musoma
Jumatatu mchana

Mke wangu Mama Nyamisi,

Kabla sijakuamkia, soma mistari hii kwanza. Jumatano usiende kwenye shimo la udongo, na usimruhusu mwanamke yeyote wa kikundi kwenda. Chini ya pale mnaposimama, upande wa jiwe kubwa, ni patupu. Sababu naieleza huko mbele, lakini hata ukiishia hapa kusoma, hilo limetosha.

Sasa habari za hapo nyumbani. U hali gani mke wangu? Goti lako linakusumbua bado na hii baridi ya mvua? Mtama umepona, au ndege wamekuachia mabua? Hapa mvua hainyamazi, na ziwa limechafuka mpaka wavuvi wanarudi mikono mitupu. Nyamisi na mumewe wananitunza kuliko ninavyostahili. Mkwe wetu amenihamishia kitanda chumba cha mbele, kando ya cherehani yake, nipate hewa, na kila mteja anayekuja kupimwa suruali ananiamkia. Kifua bado. Miguu imevimba, nikiibonyeza kidole kinaacha alama, na alama inabaki, kama kwenye udongo mbichi. Daktari alimwita Nyamisi nje, na aliporudi alikuwa amenawa uso. Sikumuuliza. Nimefundisha watoto karibu umri wangu wote, na namjua mtoto aliyeambiwa asiseme.

Ninaandika kwa herufi kubwa, kama zile za darasa lenu la kisomo, uweze kusoma mwenyewe bila kumwita mtu. Ukikuta mstari umepanda mlima, ni mkono.

Jumamosi alikuja jirani yetu Magesa. Yuko mjini kufuatilia mabati ya ofisi ya kijiji, akapita kunijulia hali.

"Mwalimu," akasema hata kabla hajakaa, "huku mjini unakulaga vizuri, naona umenenepa miguu."

"Miguu ndiyo inakula," nikamwambia. "Mimi natazama tu."

Akacheka, akakaa, akaanza kunipa habari. Bwana maendeleo ameleta sururu na machepeo. Shule na zahanati zimeagiza mitungi ya maji, kila darasa na mtungi wake. Kikundi cha ufinyanzi kimeundwa na wewe ndiye mwenyekiti.

"Wangemchagua nani mwingine?" akasema. "Mitungi ya Mama si ndiyo ilikuwaga inagombewa mnadani Bunda? Jumatano wanafungua shimo. Siyo kule kuparua kwa kijembe kwa zamani, hapana. Wanashuka mpaka kwenye ule udongo mweusi. Mama anapiga sururu ya kwanza. Na mke wangu Leah yumo zamu ya kwanza, tangu juzi anajitapa kama anaolewa upya."

Nikamwambia, "Waambie wangoje mvua ikatike."

"Mwalimu, unaogopa watalowa? Hawa wanapandaga pamba kwenye mvua."

"Ardhi imeshiba maji, Magesa."

"Ndiyo vizuri. Udongo unakuwa laini."

"Basi waanzie upande mwingine, mbali na jiwe."

"Upande mwingine kuna mchanga mtupu. Hata mimi mwanaume najua hilo. Wewe unajuaje mambo ya shimo la akina mama?"

Kila nililosema lilikuwa na jibu, kwa sababu lile lenye uzito nilikuwa nimelifungia. Akaaga kwenda kwenye mabati yake. Tangu aondoke sijalala vizuri, na leo nimemwomba Nyamisi karatasi.

Mama Nyamisi, nusu ya habari hii unaijua, maana tumeificha pamoja. Mama yangu alikuwa mfinyanzi, akazaa wana wa kiume watupu. Mimi ndiye niliyemtwangia vigae vya kuchanganya na udongo, mimi ndiye niliyemsokotea kamba ya majani ya kuviringisha shingoni mwa mtungi ipate nakshi. Nilipoanza kubadilika sauti akaninyang'anya udongo mkononi. "Sasa mikono yako ni ya kalamu," akasema, nikapelekwa misheni. Nilisoma, nikafaulu, nikawa mwalimu, na kila nilipomaliza kuandika ubaoni nilifuta chaki vidoleni nikitamani ingekuwa kitu kingine.

Kisha nikakuoa wewe kutoka Majita, binti wa wavuvi, mjuzi wa nyavu. Mama akakupa udongo na kusema mkamwana wake lazima ashike kazi yake. Ulijaribu. Kila chungu kilichopasuka ulikilia. Siku ile nilipokutoa udongo mkononi nikausimamisha mtungi mbele yako, ulidhani nimekuonea huruma. Sikukwambia ukweli. Ilikuwa njaa yangu. Ningeutoa mikononi mwako hata kama ungekuwa unaweza.

Tukaishi hivyo. Mimi nafinyanga nyuma ya ghala, wewe unasugua kwa kokoto mpaka unang'aa, wewe unapanga kuni na samadi na kuchoma. Kuchoma ulinishinda kabisa. Uliijua siku ya upepo mbaya kwa kunusa tu. Kisha unabeba kichwani mpaka mnadani na kusifiwa. Unakumbuka uliniambia, "Baba Nyamisi, wakijua watatucheka mpaka kaburini"? Nilikuwa naona raha yangu yote imo humo. Kumkuta mwanamke nisiyemjua anachota maji baridi kwenye mtungi wangu, umetoa jasho kiunoni, nami napita na vitabu vyangu kwapani bila kusema kitu.

Nusu usiyoijua ni hii. Nilikwambia udongo nautoa mtoni. Nilikudanganya. Wa mtoni niliujaribu, una mchanga, mtungi wake haulii ukiugonga. Udongo wetu wote ulitoka kwenye shimo lenu, mahali ambapo kwa mwiko mwanaume hafiki.

Unakumbuka boma letu la zamani, kabla hatujahamishiwa kijijini barabarani, lilikuwa mgongoni mwa kile kilima chenye shimo. Kwenye korongo nyuma ya minyaa ya zizi niliuona ule mshipa mweusi umejitokeza, mnene kama mkono. Nikachota kidogo. Siku nyingine nikachota tena. Mlipokuwa mnadani nilikuwa nalala ubavu na kijembe kifupi naufuata mshipa ndani ya kilima, kama ngiri. Miaka na miaka. Nilisimika miti kuzuia dari, nikaziba mlango kwa miiba. Mwisho nilifika mahali nikasikia watu juu yangu. Vijembe vinagonga, vumbi linanidondokea shingoni, na katika vicheko nikaisikia sauti yako, unamtania mtu kwamba kikapu chake ni kikubwa kuliko bidii yake. Mlikuwa karibu kiasi kwamba ningeweza kukujibu.

Siku ile nilipaswa kukoma. Nikageuza kijembe, nikachimba pembeni, chini ya jiwe.

Tangu tuhame sijarudi. Ile miti imeliwa na mchwa, naujua mchwa wa pale. Dari imeshikiliwa na ukavu tu, na sasa ukavu haupo. Kwa kuparua kwenu kwa zamani, mtu mmoja mmoja, pamevumilia. Wanawake wote wa zamu wakisimama pamoja na sururu, hapavumilii. Naona hilo kila nikifumba macho, na wa mbele ni wewe.

Kuna jambo jingine, lazima liandikwe hapa. Nyabise, yule mjane aliyekuwa jirani ya mama. Unakumbuka kiangazi kile vyungu vya wanawake wote vilipasuka motoni isipokuwa vyetu? Wakasema kuna mtu ameingia shimoni akiwa na uchafu, wakamwangukia yeye, akatozwa mbuzi, akakatazwa udongo. Hakufinyanga tena. Alikuja kuninong'oneza mimi, kwa kuwa ni msomi, akasema, "Mwalimu, waambie hayo ni mambo ya kale." Nikamwambia akubali yaishe. Mimi nilijua kwa nini vilipasuka. Mweusi ndio unaoshika chungu kikikutana na moto, nami nilikuwa nimeuvuta wote kwa chini, nikawaachia wa juu wenye mchanga. Nilikuwa nacheka mwiko wao moyoni, ninajiita mtu wa elimu, na kumbe siku ile walikuwa sahihi: mtu alikuwa ameingia shimoni. Walikosea jina tu. Nyabise anauza mchicha sasa. Mlipie mbuzi wake kwa mbuzi wangu yule mwekundu, na mumrudishie udongo. Mbele ya watu, siyo pembeni.

Sasa sikiliza kazi yenyewe. Mtu yeyote asikanyage kati ya jiwe na ukingo, pale mnapowekaga vikapu. Wasitume vijana kuingia kutazama, hata kwa ushujaa gani. Wachimbe mfereji kutoka juu, kwa mbali, maji ya mvua yaelekee pale, pataanguka penyewe. Na udongo mnaoutafuta, mkishuka na korongo lile lile hadi linapopinda, mtaukuta mshipa umetokea tena nje, juani, hauna kitu juu yake. Niliuona zamani. Sikumwambia mtu kwa sababu pale wangechimba wote.

Nimefikiria sana nipate uongo wa kukuokoa wewe. Niseme nilichimba kutafuta nini? Mwanaume anaufanyia nini udongo? Sikuupata. Ukiwaambia habari ya shimo watauliza ya mitungi, na uenyekiti utakutoka, na sifa za mnadani zitakutoka, na huko kisimani watakutazama. Nimekupa sifa hizo bila kukuuliza na leo nakunyang'anya bila kukuuliza. Nisamehe kama utaweza. Lakini usiikunje hii barua ukaificha. Najua unavyonistahi. Najua utafikiri, nitawazuia kwa ujanja, nitasema nimeota, nitasema naumwa, ili Mwalimu azikwe kwa heshima. Ukiumwa, Leah atashika sururu badala yako.

Kuhusu kuzikwa, hilo lisikufunge mdomo. Nilitamani kulala hapo kando ya mama, sikufichi. Kama wanawake watakataa kunipikia matanga, na watakuwa na haki, basi nizikwe huku huku Musoma. Nimemwambia Nyamisi kwamba huenda ikawa hivyo, bila kumwambia kwa nini. Alilia akadhani namwonea huruma ya nauli ya gari.

Nisalimie wote. Ndugu yangu mdogo mchunga ng'ombe, mwambie asimuuze yule dume kwa ajili yangu. Shangazi aliye kipofu, mshike mkono wakati unamwamkia kwa niaba yangu, asidhani ni maneno tu. Wajukuu wasome. Mchungaji wetu mwambie naomba aje kwako kwanza, kwangu baadaye.

Ni mimi mumeo niliyekupenda, na niliyekutumia,
Baba Nyamisi

Jumanne asubuhi. Barua nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena. Magesa amepita kuichukua, akasema basi la Bunda haliondoki, mto umekata barabara, labda kesho. Akasema hivyo akipangusa kofia yake kwa utulivu kama mtu anayezungumzia mabati. Kesho ndiyo Jumatano. Nikamwambia akae. Nikamwambia yote, kwa mdomo, mbele ya Nyamisi na mumewe na mteja mmoja aliyekuwa amesimama kupimwa. Nyamisi alikaa chini sakafuni. Mkwe wetu alisimamisha cherehani.

Nilingoja Magesa anitukane. Akaniuliza jambo moja tu, "Upande gani wa jiwe?"

Nimemchorea kwa chaki ya mkwe wetu, kwenye kipande cha kitambaa, kwa kuwa mvua ingekula karatasi; barua hii Nyamisi ataifunga kwenye nailoni. Sasa hivi yeye na mkwe wetu wako nje wanajaza upepo baiskeli. Anasema mtoni ataivusha begani, na kama giza litamkuta njiani ataendelea. Hakuniaga kwa kunipa mkono. Akikufikia, usingoje kumaliza kusoma hii. Atakuwa amechoka, mpe maji, kisha mwende wote wawili mkawagongee wenzako milango.